Je, wajua vitamini A hufanya nini ndani ya misuli?

Katika soko la Kibuye mjini Kisumu, mama anayeuza viazi vitamu hukata kimoja katikati na kukiweka juu ya rundo, upande wa rangi ya chungwa ukiwaelekea wapita njia. Ukimuuliza faida yake, atakujibu bila kusita kwamba ni kinga ya macho ya watoto. Hakosei, kwani George Wald wa Marekani alitunukiwa Nobel mwaka 1967 kwa utafiti ulioonyesha kazi ya vitamini A katika kuona. Ila jibu hilo huishia machoni, ilhali kijana anayesukuma mkokoteni wa magunia hatua chache kutoka hapo anaitumia vitamini iyo hiyo mapajani na mabegani, kwa njia isiyofanana na ile ya jicho.

Rangi ya kiazi hicho hutokana na beta-karotini, kitu ambacho mwili hukigeuza kuwa vitamini A. Anayekaanga karoti ameona jinsi mafuta yanavyogeuka rangi ya chungwa sufuriani, na hiyo ni dalili kwamba kitu hicho huyeyuka katika mafuta, si katika maji. Ndiyo maana kiazi kilichochemshwa huufaa mwili zaidi kikiliwa pamoja na karanga au mboga iliyotiwa mafuta. Ukutani mwa utumbo, kimeng'enya huikata molekuli ya beta-karotini katikati, kisha zao lake hugeuzwa kuwa retinoli, yaani vitamini A yenyewe, na kuhifadhiwa kwenye ini. Misuli inapoihitaji, retinoli husafirishwa katika damu na protini iitwayo RBP4.

Ndani ya seli ya msuli, retinoli hubadilishwa kwa hatua mbili kuwa asidi ya retinoiki, na hapa ndipo penye utamu wa habari yenyewe. Asidi hiyo haichomwi ili kutoa nguvu kama wanga au mafuta. Huingia katika kiini cha seli na kushikana na kipokezi, yaani protini inayopokea ishara, kiitwacho RAR, ambacho timu za Pierre Chambon nchini Ufaransa na Ronald Evans nchini Marekani zilikitambua mwaka 1987. Kipokezi hicho hukaa juu ya DNA kikiwa na mwenzake, RXR, na kabla ya asidi kufika wawili hao huandamana na protini zinazoifunga jeni isisomwe. Asidi ikifika, kipokezi hubadilika umbo, protini hizo hubanduka, na nyingine huja kuifungua.

Miongoni mwa jeni zinazoathiriwa zimo zile zinazoiambia seli changa iache kugawanyika, kisha iungane na wenzake kuwa uzi wa msuli. Zimo pia zinazohusika na uchomaji wa mafuta katika mitokondria, sehemu za seli zinazotoa nguvu. Katika panya na katika seli za misuli zinazokuzwa maabara, asidi ya retinoiki imeonekana kuuongeza uchomaji huo. RXR nayo haina mwenzi mmoja: hushirikiana pia na vipokezi vya homoni ya tezi shingo, vya vitamini D na vya asidi za mafuta, kiasi kwamba ni vigumu kuitenga kazi ya vitamini A na ya jirani zake.

Mbebaji wa retinoli katika damu naye ana mambo yake. Mwaka 2005, watafiti wa Boston wakiongozwa na Barbara Kahn walionyesha kwamba RBP4 ikizidi katika damu ya panya, misuli huisikia kwa shida insulini, homoni inayoiagiza seli ichukue sukari, na glukosi ambayo ingeingia misulini hubaki katika damu. Watu wengi wenye unene uliopindukia wana RBP4 nyingi pia. Hilo lisisomwe kama kusema kwamba viazi vya Kibuye huleta kisukari, kwani kinachozungumziwa ni wingi wa mbebaji, ambaye hutolewa pia na tishu ya mafuta.

Mwanamume mzima huhitaji mikrogramu 900 za vitamini A kwa siku na mwanamke 700, na retinoli iliyo tayari, kama ile ya vidonge na maini, haifai kuzidi 3,000. Ikizidi kwa muda mrefu hulimbikizana kwenye ini, huumiza mifupa, na kwa mjamzito huweza kumdhuru mtoto aliye tumboni. Beta-karotini ya chakula haina hatari hiyo, kwa sababu utumbo hupunguza kuikata akiba inapotosha. Mtu akila viazi hivyo kupita kiasi, viganja vyake huwa vya manjano, na hurudia rangi yake baada ya kupunguza.