Lipesi haichomi mafuta

Nimeulizwa tena wiki hii: "Daktari, si lipesi ndiyo inayochoma mafuta?" Jamani, lipesi ni kimeng'enya, yaani protini inayoharakisha kazi za kikemia mwilini, na inakata mafuta tu. Inazitenga asidi za mafuta na gliseroli, kiini kinachozishikilia pamoja, kazi imeisha. Wauza vidonge vya "kuamsha lipesi" hunyamazia kinachofuata: mtu akiwa amepumzika, sehemu kubwa ya asidi zilizomwagwa kwenye damu huunganishwa upya kuwa trigliseridi, yaani mafuta ya akiba, ama kwenye ini, ama kwenye tishu ileile zilikotoka.

Uchomaji uko kwenye mitokondria, vijumba vya nishati ndani ya seli. Vimeng'enya vinapokezana hatua nne, kila mzunguko unanyofoa kaboni mbili kwenye asidi ya mafuta. Asidi ya palmitiki yenye kaboni 16 inapita mizunguko 7 na kutoa asetili-KoA 8, vipande vya kaboni mbili mbili.

Mvutano uko mlangoni mwa mitokondria, kwa CPT1, kimeng'enya kinachoipachika asidi ya mnyororo mrefu kwenye karnitini, kibebaji chake, ili ipite. Ukila wanga, insulini hupanda, ini hutengeneza malonili-KoA, malighafi ya kutengenezea mafuta, nayo huibana CPT1. Ni haki yake: ini litengeneze mafuta huku likiyachoma ili iweje? Kwa hiyo asiye na upungufu wa karnitini akibugia karnitini, kizuizi hicho kiko palepale.

Kinachonikera zaidi ni michoro inayoonyesha CPT1 moja kwa mwili mzima. Ini lina CPT1A; misuli na moyo hutegemea zaidi CPT1B, ambayo hubanwa kwa urahisi zaidi: huitosha malonili-KoA ya kiasi kidogo mno kuliko kinachohitajika kuibana ile ya ini. Hapo hesabu inagoma. Kiasi cha malonili-KoA kinachopimwa kwenye misuli, kwa hesabu za maabara, kingetosha kuifunga karibu yote muda wote, na bado misuli inachoma mafuta! Tena wakati wa mazoezi uchomaji hupanda ilhali malonili-KoA kwenye misuli ya binadamu haitikisiki sana. Wapo wanaosema nyingi yake imejificha mahali isipoifikia CPT1. Huenda. Mimi sijaridhika, na wanafunzi nawaambia hivyo hivyo.

Asidi za mnyororo wa kati, za kaboni 8 au 10, kwenye ini hazihitaji mlango huo. Ndiyo maana mtoto mwenye hitilafu ya CPT1A huweza kupewa mafuta ya aina hiyo. Mwenye upungufu wa MCAD, kimeng'enya cha kuanza kuzichoma asidi za mnyororo wa kati, asipewe kamwe: kwake asidi hizo zinaingia vizuri, kisha zinakwama ndani.