Ile -ı ya "Sarayı" ni ya nani?

Juzi nimesikia tena, watu wakizungumzia tamthilia, mmoja anaeleza kwa kujiamini kwamba kasri kwa Kituruki ni "sarayı". Mwenzake akamsahihisha: hapana, hiyo -ı ni alama ya yambwa, ya kile kinachotendwa. Wote wawili wamekosea, na huyu wa pili kaniudhi zaidi kwa sababu alikaribia.

Uhusika ni alama inayoonyesha nomino inafanya kazi gani katika sentensi. Kituruki huibandika mwishoni: ev ni nyumba; niko nyumbani, evde; naenda nyumbani, eve; natoka nyumbani, evden. Sisi -ni moja inatutosha kote huko. Kimilikishi ni kitu kingine: evim ni nyumba yangu, kwa mtindo uleule wa mwanangu na mkewe. Vikikutana, kimilikishi hutangulia: evimde, nyumbani kwangu.

Mkanganyiko unaanzia kwenye "yake". Neno likiishia konsonanti, "yake" na alama ya yambwa hufanana kabisa: evi ni nyumba yake, na evi ni ile nyumba iliyoonwa au kununuliwa. Chukua neno linaloishia irabu uone zinavyoachana. Neno kule kwa Kituruki ni mnara. Nimeuona mnara: kuleyi gördüm, kwa y. Lakini Mnara wa Galata kule Istanbul ni Galata Kulesi, kwa s, yaani "Galata mnara wake", kama tunavyosema "Juma nyumba yake imeungua". Jina Topkapı Sarayı, yaani Kasri la Topkapı hukohuko Istanbul, limeundwa hivyo hivyo. Na ukienda huko unasema Topkapı Sarayı'na. Kama -ı ingekuwa uhusika, isingebebeshwa uhusika mwingine mgongoni.

Sultanahmet Camii, jina la msikiti wa Istanbul, ndiyo inayonifurahisha. Cami, msikiti, inaishia irabu, kwa hiyo tungetarajia camisi, na wapo wanaosema hivyo. Ila neno limetoka Kiarabu, ndugu wa jamii na Ijumaa zetu, na mwishoni lilikuwa na herufi ain, ambayo ni konsonanti. Waturuki wakaacha kuitamka, sarufi ikaendelea kuihesabu. Zile i mbili ndipo ain ilipozikwa.

Basi kasri ni saray. Hiyo -ı tumwachie Topkapı, ni yake.