Ua dawa ndo lipi, ua sumu ndo lipi?

Watu tunapenda kugawa maua mafungu mawili, haya ya dawa yale ya sumu, halafu mtu akishasikia tu "hili dawa" anajaza sufuria, anachemsha, anakunywa asubuhi na jioni. Balaa linaanzia hapo, maana mara nyingi ua dawa na ua sumu ni ua hilohilo, kinachotofautisha ni kiasi, limeingia mwilini kwa njia gani, na limeingia kwa nani.

Chukua karafuu. Wengine hawajui kama ile karafuu ya kwenye pilau ni ua, yaani ni tumba linalochumwa kabla halijafunguka, likaanikwa mpaka likageuka kahawia, waulize watu wa Pemba. Mafuta yake yana kitu kinaitwa yujenoli, kinatia ganzi, ndo maana bibi jino likimuuma anaing'ata karafuu anatulia, na si bibi tu, hata madaktari wa meno wanachanganya yujenoli na oksaidi ya zinki kuziba jino kwa muda. Sasa mafuta hayohayo mtoto mdogo akiyabugia, vijiko viwili tu vya chai, ini linaweza kuharibika vibaya sana. Punje za kwenye pilau kula bila wasiwasi, kichupa cha mafuta ndo weka juu ya kabati.

Ila ua linalonishangaza mimi ni vinka, lile la petali tano, la pinki au jeupe, linajiotea hata kwenye ufa wa baraza bila mtu kulimwagia maji. Asili yake Madagascar. Kule Jamaica watu walikuwa wanachemsha majani yake eti kwa ajili ya kisukari, majani yakafika Kanada miaka ya 1950 kwa watafiti Robert Noble na Charles Beer, wakayapima, sukari haikushuka cha maana, ila wanyama wa maabara wakaanza kuishiwa seli nyeupe za damu wakafa kwa maambukizi. Kumbe! Kinachoua seli nyeupe si ndo kinachotafutwa kwenye saratani ya damu, ambako seli hizo zinazaliana ovyo? Ikatoka vinblastini, baadaye vinkristini, ambayo mpaka leo wanapewa watoto wenye saratani ya damu, hata wale wa Burkitt, ule uvimbe wa taya uliopewa jina la daktari Denis Burkitt aliyeuelezea akiwa Uganda mwaka 1958. Na vinkristini yenyewe ni ya mshipani tu, ikichomwa kwa makosa kwenye uti wa mgongo inaua, dawa ileile, dozi ileile. Kwa hiyo mtu anayechemsha vinka nyumbani anakunywa hizo kemikali bila kipimo, jamani.

Pareto ya Iringa na Nakuru hiyo inajulikana, maua yakisagwa yanashambulia neva za wadudu, sisi hatudhuriki kirahisi, japo wachumaji wengine ngozi inawawasha. Samaki na nyuki lakini hawana bahati hiyo.

Halafu kuna oleanda, maua mazuri ya pinki yanapandwa sana kando ya barabara na kwenye mahoteli. Mmea wote sumu, ua, jani, mpaka utomvu, na sumu yake inaenda kwenye moyo, inavuruga mapigo. Cha ajabu ni ndugu wa digoksini, dawa ya moyo inayotokana na ua lingine la Ulaya. Tofauti ni kwamba kidonge cha digoksini kimepimwa, cha kawaida kina robo ya miligramu, na bado daktari anakufuatilia, wakati jani la oleanda hujui lina kiasi gani. Mtoto akilitafuna usimpe maziwa ukakaa kusubiri, kata na tawi uende nalo hospitali walione.