Mshahara ndio mtaji wa genge

Nikifundisha mada ya ajira, wanafunzi huanza na jibu lile lile: mtumishi anafanya biashara ya pembeni kwa sababu mshahara hautoshi. Si uongo. Ila mshahara mdogo peke yake hauanzishi mradi. Anayelipwa kidogo kuliko wote mara nyingi hana hata cha kununulia vifaranga.

Nyumbani kwetu Dar es Salaam, mwishoni mwa miaka ya 1980, friji ilikuwa kiwanda. Mama, karani wa shirika la umma, alitoka kazini saa tisa na nusu, akachemsha ubuyu, sisi watoto tukajaza vifuko na kufunga mafundo mpaka vidole vinawaka. Friji yenyewe ilitokana na mkopo wa kazini. Nyumba ilikuwa ya shirika. Maandazi yake ya asubuhi waliyanunua wenzake ofisini, kwa daftari, wakilipa mwisho wa mwezi. Ondoa ajira ile uone kama utapata barafu.

Azimio la Arusha la 1967 lilikuwa limewakataza viongozi kuwa na mishahara miwili au nyumba za kupangisha, na watumishi wa ngazi za kati na juu walihesabiwa humo. (Ndiyo maana miradi kadhaa ninayoijua iliandikwa jina la mke.) Azimio la Zanzibar, la chama tawala CCM, likalegeza masharti hayo mwaka 1991, na muongo huo huo mashirika yakauzwa, watu wakapunguzwa kazini. Ruksa imefika, kisima kinakauka.

Tazama ofisi ya leo. Mtumishi wa kudumu ana pikipiki aliyompa kijana aendeshe bodaboda, analetewa hesabu kila jioni. Aliinunua kwa mkopo unaokatwa kwenye mshahara, alimradi abakiwe na theluthi ya mshahara huo. Mfanya usafi wa korido ile ile ameletwa na kampuni ya wakala, kwa mkataba wa miezi. Zamani angeajiriwa na ofisi yenyewe, naye angekopa. Sasa akitoka hapo anakwenda kufua nguo za watu, kwa ndoo. Mmoja anamiliki, mwingine anaongeza saa za kuchoka.

Nimewahi kuwahoji watu wa aina hizi mbili siku moja, kwa dodoso moja. Wote nikawawekea vema kwenye kisanduku kile kile: shughuli ya pili, ndiyo.