Je, wajua kwa nini kiungulia hupungua ukilalia ubavu wa kushoto?

Mfuko wa chakula haujakaa katikati ya tumbo. Sehemu yake kubwa imeelemea kushoto, na umio, yaani njia inayoshusha chakula kutoka kooni, huuingilia upande wa kulia. Ukilalia ubavu wa kushoto, asidi hutuama chini ya mlango huo. Ukigeukia kulia, mlango ndio unaokuwa chini na asidi inaukalia.

Mlango wenyewe ni msuli wa mviringo unaofunguka ukimeza, kisha hujifunga. Ukilegea, asidi hupanda kwenye umio, ambao hauna ute mzito wa kuukinga kama mfuko wa chakula. Hapo ndipo kifua kinapochoma.

Vinavyoulegeza ni mafuta mengi, pombe, sigara, chokoleti, na kwa wajawazito, homoni za mimba. Mafuta yana kosa la pili: hukawiza chakula tumboni. Ndiyo maana chipsi mayai za usiku hutesa kuliko ugali na mchicha. Ndimu na nyanya huuma zaidi umio ukiwa umeshachubuka, kwa hiyo anachokikimbia jirani yako huenda wewe kisikudhuru. Acha kinachokuchoma wewe, lakini kati ya mlo wa jioni na kulala pitisha angalau saa tatu.

Kitanda nacho kiinuliwe upande wa kichwani kwa sentimita 15 hadi 20. Weka vipande vya mbao au matofali chini ya miguu miwili ya upande huo, uhakikishe havitelezi. Kurundika mito hakusaidii: mwili hukunjika kiunoni, tumbo hubanwa, na asidi husukumwa juu.

Maziwa? Hupoza kwa dakika chache, kisha protini na mafuta yake huamsha asidi nyingine.

Bikaboneti ya soda, ile ya kuumulia keki, kweli huizima asidi. Nusu kijiko cha chai katika nusu glasi ya maji, koroga iyeyuke kabisa, unywe polepole. Usiinywe ukiwa umeshiba sana, maana hutoa gesi nyingi. Ina sodiamu kwa wingi, hivyo wenye presha, maradhi ya moyo au figo, na wajawazito, waiache. Na magadi ya kulainishia maharage si mbadala wake. Ni makali zaidi.

Vidonge vya kutafuna vya kuzima asidi vitafunwe hasa, visimezwe vizima. Vyenye magnesiamu huweza kuharisha, vya alumini hufunga choo. Usivinywe pamoja na doxycycline au ciprofloxacin, ambazo ni dawa za kuua bakteria, wala vidonge vya kuongeza damu, kwani huzuia dawa hizo kufyonzwa; muulize mfamasia uachanishe kwa saa ngapi. Omeprazole, dawa inayopunguza utengenezaji wa asidi, ni habari nyingine: hunywewa nusu saa kabla ya kifungua kinywa, na huchukua siku 1 hadi 4 kufanya kazi barabara, kwa hiyo haifai kungojewa izime moto wa sasa hivi. Unayemeza diclofenac, dawa ya maumivu, kila mgongo unapouma, anza kwa kuangalia hapo: huenda ndiyo inayokuchoma.

Wiki mbili zikipita bila nafuu, chakula kikikwama ukimeza, ukikonda bila sababu, ukitapika damu au choo kikiwa cheusi kama lami, nenda hospitali. Maumivu ya kifua yanayokwenda mkononi au tayani, pamoja na jasho na pumzi kubana, yanaweza kuwa ya moyo: usikoroge chochote, tafuta usafiri.