Je, wajua kwa nini boti ya jeti hutoka karakana ikiwa nzima na kuharibika tena ziwani?

Aliyenunua boti ya jeti iliyotumika, ikaletwa Kampala ndani ya kontena kutoka Dubai au Marekani, huenda anaijua hali hii vizuri. Boti inaondoka Entebbe bila kasoro. Ikifika maji makuu, mwendeshaji akisukuma wenzo wa mafuta hadi mwisho, injini inakohoa, king'ora kinalia na mwendo unashuka. Wakala aliyeiuza anaipokea, anaiunganisha na kompyuta yake, anabadilisha plagi na sensa, kisha anaiwasha pale pale uani. Inanguruma vizuri kabisa. Mwisho wa wiki inarudi majini, na visiwa vya Ssese havijaonekana hata kwa mbali, king'ora kinalia tena.

Wenye boti wengi hapo husema wakala ni mwizi. Wezi wapo, sikatai. Ila mara nyingi fundi amesema kweli kwamba injini ilikuwa nzima alipoipima, na mteja naye amesema kweli kwamba haifanyi kazi. Tatizo ni kwamba uani na ziwani injini ile haifanyi kazi moja.

Tuanze na namna boti hii inavyokwenda. Haina pangaboi linaloning'inia nyuma kama boti za wavuvi. Chini ya tumbo lake kuna mlango wa maji wenye vyuma vya kuzuia takataka. Maji yanafyonzwa na impela, yaani gurudumu lenye mabapa linalozungushwa na injini ndani ya bomba, kisha yanatupwa nyuma kwa kasi kupitia nozeli nyembamba. Kule kutupwa nyuma kwa maji ndiko kunakoisukuma boti mbele, na ukizungusha usukani unageuza nozeli tu. Mfumo huu uliendelezwa na William Hamilton wa New Zealand katika miaka ya 1950, kwa ajili ya mito ya kwao yenye maji machache na kokoto nyingi, ambako pangaboi lisingedumu. Kwa Uganda yenye miamba kando ya Nile na nyavu kila ghuba, mtu anaona mara moja kwa nini wazo hilo linavutia. Lakini pampu ile, yaani impela na bomba lake, ikikosa maji, kila kitu kinaharibika pamoja: msukumo unapotea, na kwenye boti nyingi injini au ekzosi yake inakosa ubaridi, kwa kuwa maji ya kupoza huchotwa kwenye pampu hiyo hiyo.

Sasa rudi uani kwa wakala. Boti iko juu ya trela. Fundi amechomeka mpira wa maji ya bomba kwenye tundu la kusafishia, akawasha. Hapo mambo mawili yamefichika. Kwanza, impela inazunguka hewani, haisukumi chochote. Majini, nguvu inayotakiwa kuizungusha hupanda kwa kipeo cha tatu cha mizunguko: mizunguko ikiwa mara mbili, nguvu inayotakiwa ni mara nane. Injini yenye silinda moja dhaifu, au pampu ya petroli iliyochoka, itafika mizunguko mingi ikiwa juu ya trela bila kulalamika, halafu ishindwe ziwani pale inapodaiwa nguvu zake zote. Pili, na hili ndilo husahaulika zaidi, ule mpira wa maji umeipita pampu kabisa. Kama kosa liko kwenye njia ya maji kutoka ziwani, fundi amelitibu kwa muda ule tu ambao mpira umechomekwa. Na hawezi kuiacha iendelee kwa muda mrefu, maana mhimili unaozungusha impela na sili zake hutegemea maji ya ziwani kupoa. Watengenezaji huruhusu dakika chache tu.

Njia ya maji katika Ziwa Victoria ni shughuli pevu. Gugu maji, mmea wenye asili ya Amerika Kusini, lilionekana ziwani humu mwishoni mwa miaka ya 1980. Uganda ilianza kuachilia wadudu wa kulila mwaka 1995 na likapungua sana, lakini halikwisha. Upepo ukigeuka, bandari ya Port Bell au ufuo wa Ggaba, hapa Kampala, panaweza kufunikwa asubuhi na kuwa peupe jioni. Mwaka 2020, maji ya ziwa yalipopanda kupita kiasi, vipande vya ardhi yenye matete viling'oka kingoni vikaelea hadi Jinja. Aprili mwaka huo kisiwa kimoja cha namna hiyo kiliziba mitambo ya bwawa la Nalubaale na nchi nzima ikakosa umeme. Kama mitambo ya bwawa inaweza kuzibwa na majani, mlango wa maji wa boti yako una uwezo gani? Tena majani ni afadhali, unayaona. Kinachosumbua ni kaveera, yaani mfuko wa plastiki, iliyozama nusu, na uzi wa wavu unaojisokota kwenye mhimili nyuma ya vyuma, mahali ambapo jicho halifiki mpaka ulale chini ya trela na tochi.

Uzi ule unapunguza maji. Maji yakipungua, joto la ekzosi linapanda. Sensa inaona joto, kompyuta ya injini inaamua kujilinda: inapiga king'ora na kukata mizunguko ili boti itambae tu hadi nchi kavu. Mashine ya wakala inasoma kosa na kuandika jina la sensa. Fundi mwenye haraka anabadilisha sensa. Lakini sensa ilikuwa inasema kweli! Mpya nayo itasema vile vile. Kosa kubwa ninaloliona katika matengenezo haya ni hilo la kumwadhibu mtoa taarifa, na huligharimu zaidi pochi la mteja kwa sababu sensa hizo huagizwa nje na kusubiriwa wiki kadhaa. Kwenye soko la vipuri la Kisekka, Kampala, unapata karibu kila kitu cha Toyota, ila si hiki.

Kuna jambo rahisi ambalo mwenye boti anaweza kulitazama mwenyewe kabla ya kumpigia fundi simu, nalo ni mshale wa mizunguko. Mizunguko ikipanda juu huku boti haiongezi mwendo, injini ina nguvu lakini pampu haishiki maji: tafuta uzi, jani, bapa lililopinda, au ringi ya pampu iliyoliwa. Mizunguko ikigoma kupanda, ukweli uko upande wa pili: petroli, plagi, kompresheni (mbano wa hewa ndani ya silinda), au kompyuta imebana injini kwa makusudi. Ukimpelekea fundi taarifa hiyo moja, umemwokolea nusu ya kazi. Ukimwambia tu "haivuti", ataanza na kile alichonacho dukani.

Hiyo ringi inastahili neno. Kati ya ncha za mabapa ya impela na ukuta unaoizunguka panatakiwa nafasi ndogo mno, chini ya milimita 1. Boti ikiendeshwa karibu na ufuo wa mchanga, pampu inafyonza mchanga na kuisaga ringi. Nafasi ikipanuka, maji yanavuja kurudi nyuma na viputo vinatokea kwenye mabapa kwa sababu shinikizo limeshuka. Viputo hivyo vikipasuka vinachimba chuma tundu tundu. Mwenye boti anahisi mtetemo na kusikia ngurumo, anadhani ni injini. Ringi ni kifaa cha kubadilishwa mara kwa mara, tena cha bei nafuu ukilinganisha na vingine. Ajabu ni kwamba watu hufungua injini nzima kabla ya kuigusa.

Halafu kuna suala la mwinuko, ambalo vitabu vya watengenezaji havilitilii mkazo kwa kuwa boti nyingi huuzwa pwani. Ziwa Victoria liko takriban mita 1,135 juu ya usawa wa bahari. Hewa hapa ni nyembamba kwa karibu asilimia 12, na injini isiyo na mtambo wa kushindilia hewa hupoteza nguvu kwa kiasi hicho hicho. Kwa ile hesabu ya kipeo cha tatu, mizunguko ya juu itapungua kwa asilimia 4 hivi. Injini iliyoandikiwa 7,500 kwa dakika itaishia karibu 7,200 hata ikiwa mpya kabisa. Kwa hiyo usimkubalie fundi anayetaka kubadilisha vifaa ili kuzitafuta zile 300 zilizokosekana. Ila ikiishia 6,300, hapo kuna ugonjwa.

Petroli nitaipitia haraka kwa kuwa kila mwenye chombo Uganda anaijua kero hii. Serikali ina mpango wa kutia alama mafuta halali kupitia Shirika la Viwango la Taifa, kwa sababu ya uchakachuaji na magendo, lakini dumu la pale gatini halina cheti. Petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa huungua vibaya injini ikikazwa. Maji nayo huingia kupitia pumuo la tangi na kutuama chini. Ziwa likiwa tulivu yanabaki huko, mawimbi yakianza yanatikisika na kufika kwenye mdomo wa pampu ya mafuta. Ndiyo sababu kosa lingine hutokea siku za upepo tu. Chota petroli kidogo kutoka chini ya tangi, iweke kwenye chupa angavu, isubiri itulie. Maji yatajitenga yenyewe.

Lakini sababu inayoeleza vizuri zaidi kwa nini boti hiyo hiyo huharibika mara ya pili na ya tatu, kila mara kwa namna tofauti, ni safari ya kurudi ufuoni. Boti imezimika katikati ya maji. Wavuvi wema wanakuja na injini yao ya nje, ile inayofungwa nyuma ya mtumbwi, wanafunga kamba, wanavuta kwa kasi maana jua linazama. Boti ya pangaboi ingevutwa hivyo bila neno. Ya jeti, ikivutwa kwa kasi huku injini imezimwa, maji yanasukumwa na mwendo kuingia kwenye pampu, yanapanda kupitia mpira wa kupoza, yanajaza ekzosi na mwishowe yanaingia kwenye silinda. Injini imezimwa, hakuna moshi wa kuyasukuma nje. Maji hayabanwi, fundi akipiga starta kesho yake, pistoni inagonga maji na fimbo yake inaweza kupinda. Hata ikinusurika, kutu inaanza ndani ya siku chache. Oili ikigeuka rangi ya chai ya maziwa, maji yameshaingia. Kwa hiyo uzi wa wavu wa bei ya bure ulizaa silinda mbovu, na wakala akaandika kosa jipya kwenye karatasi, mteja akaona ni lile lile la zamani.

Kinga yake ni kuvuta polepole sana, kwa mwendo wa mtu atembeaye, au kuubana ule mpira wa kupoza kabla ya kuvutwa. Boti nyingine zina kibano chake, na kitabu cha boti huonyesha mahali. Uani nako kuna mtego wa aina hiyo hiyo: kwenye injini nyingi za jeti, unawasha injini kwanza ndipo unafungua maji ya bomba, na ukimaliza unafunga maji kwanza ndipo unazima. Ukigeuza mpangilio, maji yanajaa kwenye ekzosi na kurudi ndani. Mafundi wetu wengi wamekulia kwenye injini za nje za wavuvi, ambazo sharti lake ni kinyume: maji kwanza, kisha injini. Mkono uliozoea huko ukifika kwenye jeti unaharibu bila kujua, tena siku ya huduma ya kawaida.

Boti ikiwa imetumika, ongeza na mambo ambayo hukuyashuhudia. Ile iliyoishi baharini ina chumvi kwenye viungo vya waya, na kutu ya kijani hutoa makosa yanayokuja na kwenda kufuatana na joto. Saa za injini nazo zina uzito kuliko mwaka wa kutengenezwa: gari kwenye barabara ya Masaka huenda kwa mizunguko 2,500 au 3,000, hii hutumika ikiwa 6,000 na zaidi.

Basi mzozo na wakala uhamishie ziwani. Kwenye karatasi ya kazi iandikwe kwamba matengenezo yamekamilika baada ya boti kukimbizwa majini kwa mafuta yote kwa dakika 15 au 20, fundi akiwa ndani na mashine yake imeunganishwa, na rekodi ya joto na mizunguko ikatolewa nakala. Muulize pia kama pampu ilifunguliwa na nafasi ya ringi kupimwa, na kipimo kilikuwa ngapi. Na kabla ya kifaa chochote kuagizwa tena, apime kompresheni ya kila silinda mbele yako. Zikipishana kwa zaidi ya asilimia 10, maongezi ya sensa na plagi yaishie hapo, mwanze kuzungumzia kufungua injini na nani atalipa.