Gideoni alikataa kiti: Martin Buber na ziada ya madaraka

Martin Buber (1878–1965), mwanafalsafa Myahudi, anafahamika zaidi kwa falsafa yake ya mazungumzo, ile ya "Mimi na Wewe". Aliyoandika kuhusu dola husomwa kidogo, ingawa kwa raia wa kawaida huenda ndiyo yenye manufaa zaidi.

Mwaka 1932, Ujerumani ikiwa inaelekea mikononi mwa Hitler, alichapisha uchunguzi mzito wa Waamuzi 8:23, katika Biblia. Gideoni, kiongozi wa Waisraeli, ametoka kushinda vita, watu wanampa ufalme, anaukataa kwa niaba yake na ya mwanawe: mwenye kutawala ni Mungu. Buber aliyachukua maneno hayo kuwa msimamo halisi wa kisiasa wa zama zile. Mfalme akiwa Mungu, kiongozi hupewa kazi yenye mwisho, wala hamrithishi mtoto. Wasomaji wengi huteleza hapa, wakidhani anataka makuhani washike serikali. La hasha. Kuhani anayetawala kwa jina la Mungu amekalia kiti kile kile alichokikataa Gideoni.

Kasoro ya mpango huo Buber hakuificha: unasimama juu ya hiari ya watu, na hiari ikilegea, mwenye nguvu huingia. Sura ya 9 haikawii kuonyesha. Abimeleki, mwana wa Gideoni, anawaua ndugu zake 70 na kujifanya mfalme.

Katika insha ya 1951 alikuja na kipimo anachokiita ziada ya kisiasa. Chukua mamlaka yote iliyo nayo serikali, toa kiasi kinachohitajika kuendesha mambo yaliyopo, tuseme maji, barabara, shule. Kinachobaki ndicho kinachotenganisha kutawala na kusimamia. Hakihesabiki kwa tarakimu. Huhalalishwa na hatari ya nje na mifarakano ya ndani, na Buber anakubali kwamba hatari hizo ni za kweli. Tabu ni kwamba mgogoro uliolala unaweza kuamka siku yoyote, kwa hiyo dola haiachii ziada yote hata wakati wa utulivu, na uwezo wa jamii kujianzishia mambo yake hudumaa.

Hakudai dola ivunjwe. Alitaka kila eneo lichunguzwe tena na tena: lipi sasa laweza kutoka kwenye utawala likaingia kwenye usimamizi? Mfano aliokuwa ameupenda tangu miaka ya 1940 ni kibutsi, vijiji vya ushirika vya Wayahudi huko Palestina. Hata hivyo alipima maneno: alisema havikushindwa, hakusema vimefaulu.